Hodi ya Tatu

Hodi ya kwanza ilitokea chini ya miguu yao, mahali ambapo hapakuwa na mlango.

Mafundi cherehani walikuwa wamekaa kwenye benchi katikati ya gati. Si gati la kufungia meli, hapana. Ni lile la mbao, refu, lililoingia baharini ili watu watembee juu ya maji, wale chipsi, wapige picha, warudi. Nchi ya watu, baridi ya watu. Karakana nzima ilikuwa imeletwa ng'ambo kujifunza mashine mpya, na siku ya mapumziko wakapakiwa kwenye basi wakaambiwa leo ni matembezi. Basi wakavaa makoti ya kuazima yaliyowapwaya, mafundi wazima, wanaojua vipimo vya mji mzima, wakajipanga pale kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

"Hodi," ikasema sauti chini ya mbao.

Wakatazamana. Tangu wafike huko hawakuwa wamesikia mtu wa huko akisema neno hata moja la lugha yao. Kutwa walikuwa wakishukuru kwa kutikisa vichwa kama mijusi.

Kiredio, mkataji wa vitambaa, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, akainama akachungulia kwenye ufa. Aliona maji meusi yakipanda na kushuka kwenye nguzo za chuma. Hakuna ngazi. Hakuna mashua. Ila harufu ilimpanda puani, harufu ya kazini kabisa: pasi ya moto juu ya nguo mbichi.

"Hodi," sauti ikarudia, karibu zaidi, kwa adabu, kama ya mtu aliyekwishavua viatu nje.

Dada yake akamkamata mkono. Huyu dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemshikisha mkasi, na pale karakana hakuna suruali iliyotoka bila mkono wake kupita chini, ndiyo maana hata waliomzidi umri walimwita Dada Pindo.

"Nyamaza wewe," akanong'ona. "Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mwenye adabu anageuza anakwenda zake. Nilikufundisha au sikukufundisha?"

Alimfundisha, enzi zile akimtuma kwa jirani kuazima kibiriti.

Mzee wa Vifungo, ambaye kazi yake ilikuwa vifungo na woga, alikuwa ameshikilia kipande cha chipsi nusu njia ya kuelekea mdomoni. "Jamani tuondokeni," akasema kwa sauti ya chini. "Hii si sauti ya mtu."

Sasa wewe mwambie Kiredio anyamaze, watazamaji wote wale wamekaa mbele yake!

"Hodi," ya tatu.

"Karibuuu!" akaitikia, amefungua mikono kama bwana harusi. "Ila kwangu pamejaa, bwana! Ingia kwa dada hapa, yeye ana nafasi, vyumba vitatu na sebule!"

Benchi likapasuka kwa kicheko. Mwili wa Dada Pindo ulikuwa mkubwa na utani huo ulikuwa wa kila siku. Naye akacheka, akampiga kofi la shingo. Na kwa kuwa hakulelewa kumwacha nje mgeni aliyekwisha kuitikiwa, akauinamia ufa, akasema, "Haya, karibu basi. Mradi usinimalizie chipsi."

Bahari ikanyamaza. Siyo kutulia, kunyamaza, kama cherehani iliyokatiwa umeme. Shakwe waliokuwa wakigombea makombo wakaruka wote kwa pamoja. Dada Pindo akakohoa mara moja, kikohozi cha mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki, kisha akakaa wima.

"Ahsante, mwenyeji wangu," akamwambia Kiredio. "Umenielekeza vizuri."

Kiredio akacheka. Akacheka peke yake.

Kwenye basi la kurudi, kioo cha upande wa dada kiliingia ukungu kwa ndani, na maji yakawa yanatiririka kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye viatu vya waliokaa nyuma, na mvua haikuwa imenyesha kutwa.

"Dada, umejimwagia nini?"

"Kule chini kulikuwa na baridi," akasema, bila kugeuka.

Walirudi kwao. Watu wakajipa moyo kwamba ni uchovu wa safari. Lakini cherehani yake ikaanza kulia kwa namna nyingine, ikija na kurudi, ikija na kurudi, hata wenzake wakawa wanapepesuka kwenye viti vyao kama walioko chomboni, na harufu ile ya pasi na nguo mbichi ikakaa karakana asubuhi hadi jioni ingawa pasi zote zilikuwa baridi, na kila alichopewa Dada Pindo kupinda akakipinda kila mahali, chini, shingoni, mikononi, mpaka siku Mzee wa Vifungo alipoinua shati la mtoto wa shule akaligeuza na kuligeuza.

"Halina pa kuingilia," akanong'ona.

"Wala pa kutokea," akajibu Dada Pindo, mguu ukiendelea kukanyaga.

Kiredio alikonda. Utani ukamwisha mdomoni. Hatimaye akamleta mganga, mama mmoja wa miwani na simu isiyokoma kulia, aliyesifika kwa kutoa majini wakorofi kama mtu atoaye miba. Mchana kweupe wakafunga milango ya karakana. Mama akaizima simu, akafukiza ubani. Moshi ukafika kwenye magoti ya Dada Pindo, ukarudi ulikotoka.

"Wewe ni nani?"

"Mgeni."

"Nani kakuruhusu?"

"Nilipiga hodi. Huyu akanielekeza. Mwenye nyumba akanikaribisha kwa mdomo wake mwenyewe. Nimevunja nini mimi?"

Kiredio akaanguka magotini. "Ulikuwa utani! Wallahi ulikuwa utani tu!"

"Kwetu hakuna utani," sauti ikasema, kwa upole.

Mganga akaguna, akaanza kukunja kitambaa chake. "Mwanangu, mimi natoa wanaovamia. Huyu kakaribishwa. Anayefungua mlango ni aliye ndani, na aliye ndani sasa ni yeye."

"Na dada yangu je?"

"Nyumba moja haikai wawili. Katolewa nje."

Ndipo ikaja, chini ya sakafu ya saruji, sauti ambayo Kiredio angeitambua hata katikati ya mashine mia, imelowa, inatetemeka kwa baridi.

"Hodi."

Akajitupa chini, sikio kwenye saruji. "Karibu! Karibu dada, ingia!"

"Unajisumbua," mganga akasema, machozi yakimlengalenga. "Hiyo siyo nyumba yako."

Kiredio akamng'ang'ania mguu yule aliyekaa kwenye kiti cha dada yake. "Mwitikie! Nakuomba, mwitikie!"

Yule akalamba ncha ya uzi, akautunga kwenye sindano.

"Hodi," dada akarudia huko chini, kwa adabu ileile aliyomfundisha mdogo wake.

"Kwako je, mwenyeji?" mgeni akauliza, akiinama mpaka harufu ya pasi ikamjaa Kiredio kifuani. "Mwili huo ni nyumba yako. Neno moja tu, yeye aingie, wewe utoke. Au bado pamejaa?"

Kiredio akafumbua mdomo. Alimwona dada akimpikia uji, akimshikisha mkasi, akicheka kwenye benchi huku akimpiga kofi la shingo, na aliyaona pia yale maji meusi chini ya mbao yakipanda na kushuka, na baridi yake, na giza lake, na kukaa humo bila mwisho ukigonga milango ya watu wasiokujua, na neno likamfika kooni, lilikuwa pale kabisa, neno dogo ambalo hata mtoto hulisema bila kufikiri.

"Hodi," ya tatu.

Mzee wa Vifungo akaziba uso. Mganga akasubiri. Mdomo wa Kiredio ulikuwa wazi, na hakikutoka kitu. Kumbe kitufe cha kuzimia kilikuwepo.

Chini ya saruji zikasikika nyayo zilizolowa, zikigeuka taratibu, zikienda zake. Dada Pindo alikuwa mtu wa adabu. Hakupiga hodi ya nne.

"Ahsante, mwenyeji," mgeni akasema. Akachukua tepu shingoni, akamwinua Kiredio, akaanza kumpima mabega ya shati.