Kola Iliyokatwa kwenye Daftari la Chama

Fundi wa nguo alikuwa na sare thelathini za kushona. Karatasi za kukatia vipimo zilimwishia. Akavuta boksi chini ya kitanda cha mama mkwe wake, akatoa daftari kuukuu. Kurasa kubwa, nzuri. Akachana, akakata kola na mifuko.

Mchana akaja mkutubi wa maktaba ya mtaani, akamsalimu mama mkwe.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaandika historia ya Chama cha Wajamaa cha mkoa wetu. Wanasema tawi la washonaji lilianzishwa na wanaume. Nawe, nasikia, ulikuwepo?"

"Kuwepo? Mimi ndiye niliyekuwa katibu! Daftari la mikutano liko chini ya kitanda."

Fundi akaweka mkasi chini. "Mama, nisamehe. Nimelikata."

Bibi akasema, "Chama kilipopigwa marufuku, nililificha kwenye gunia la makaa. Askari walipekua mara tatu, wasilione. Wewe na mkasi wako, asubuhi moja tu!"

"Msitupe hata kipande," mkutubi akasema. "Bila daftari hili, jina la bibi halitaingia kitabuni."

Fundi akachukua selotepu.

"Weka chini hiyo!" mkutubi akasema. "Itageuka manjano na kuharibu wino. Gundi pia usiguse. Nawa mikono, ikauke. Panga vipande kwenye meza safi, tupige picha. Halafu utie kila ukurasa kwenye bahasha yake, na boksi likae juu, pakavu."

Fundi alijua mkasi wake ulipopita. Kabla ya jioni kurasa zilikuwa zimetimia. Juu ya kola moja akasoma: "Wanawake kumi na tisa, wanaume wawili. Tumeazimia kudai chumba cha kulelea watoto kiwandani." Chini, sahihi ya bibi.

Fundi akamgeukia bibi. "Chumba kile? Mimi nimelelewa pale! Mama yangu alikuwa akija kuninyonyesha saa nne, kisha anarudi kwenye mashine."

"Basi ulikuwa mmoja wa wale walionililia masikioni."

"Ahsante, mama."

"Usinishukuru peke yangu. Tulikuwa ishirini na mmoja."

Kitabu kilipotoka, majina yote ishirini na moja yalikuwemo, pamoja na picha ya ukurasa wenye umbo la kola. Bibi aliitazama, akacheka. "Historia yetu imeshonwa vizuri."

Siku hizi fundi hukatia vipimo kwenye magazeti. Lakini huyasoma kwanza.