Disiki Kutoka Bondeni

Disiki ilikuwa inazunguka peke yake. Kaswera, mutoto wake Gaëlle mugongoni, aliiona wakati alileta chakula cha bwana wake Grady ku garaji, kule Kimemi: gari ya mwalimu Laurent imeinuliwa juu ya kiriki, gurudumu imetolewa, moteri imezimwa, na ile disiki ya freni inazunguka polepole, hivi, kama mutu anabembeleza mutoto.

“Baba Gaëlle, nani anaizungusha?”

“Upepo,” Grady akasema. Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anasugua plaketi mupya ya freni na musasa.

“Upepo gani unazungusha chuma?”

“Basi uulize wenyewe, mama fundi!”

Hizo disiki Grady alizitoa ku gari yenye ilianguka bondeni, barabara ya Beni. Mama mumoja alifia mule, kiti cha nyuma, na mutoto wake ku ziwa, ananyonya. Kila mutu alijua. Lakini disiki zilikuwa nzima, hazina hata mukwaruzo, na fundi anaachaje chuma kizuri?

Halafu harufu. Gari haijatembea, na freni zinanuka kuungua kama zimeshuka mulima muzima. Grady akafunga gurudumu, akakanyaga pedali, na kila akikanyaga Kaswera alisikia, mule ndani ya gurudumu, mutu anavuta pumzi.

Sasa Grady alikuwa na desturi ya babake: gari ya freni mupya hairudi kwa mwenyewe mpaka fundi ateremke nayo mulima, bibi na mutoto wake ndani. Ndiyo maana watu walimuamini.

“Panda. Mwalimu anangoja.”

“Sipandi.”

“Utaniletea haya mbele ya mutu?”

“Haya nitabeba. Mutoto wangu hataingia mule, Grady. Hapana!”

Mwalimu Laurent akacheka. “Mama, hata weye hauamini bwana yako? Twende, fundi, sisi wawili.”

Kaswera akakaza kitenge, Gaëlle amelala mugongoni, akakimbia mpaka nyuma ya mabati ya jirani, akaziba masikio na bado akasikia gari inateremka, inateremka tu, freni zinalia sauti ndefu yenye haikuwa ya chuma, sauti inapanda na kushuka kama ya mama anayeimbia mutoto asiyetaka kulala, mpaka ikakatika, na yeye akangoja kishindo, akangoja, akaita Bikira Maria, na kishindo hakikuja.

Gari ikarudi nzima, na Kaswera akatoka nyuma ya mabati.

“Freni kali!” Laurent akapiga makofi. Akaangalia nyuma. “Lakini bibi yako alishukia wapi?”

“Bibi yangu hakupanda, mwalimu.”

“Ee, fundi! Nilimuona mu kioo njia yote. Alikuwa ananyonyesha.”

Grady akaangalia kiti cha nyuma. Kaswera akapeleka mukono mugongoni: mutoto yuko. Akafungua kitenge, akamuweka ku ziwa, mutoto mwenye hakunyonya tangu asubuhi.

Gaëlle akageuza kichwa. Alikuwa ameshiba. Maziwa yalimutoka pembeni ya mudomo, na Kaswera alipoyapangusa, yalikuwa baridi.