Muswada wa Kuku Wafika Issuna

Emiliana alikuwa amepiga magoti uani, akifunga kuku miguu kwa kamba ya katani. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio pale Issuna. Kuku kadhaa walikuwa wamelala ubavu, wametulia kama mizigo. Aliyebaki ni jogoo mwekundu mwenye hasira.

"Hodi hapa!"

Emiliana aligeuka. Penye mlango wa ua alisimama dada asiyemjua. Alikuwa na mkoba mweusi begani, na viatu vyake vilijaa vumbi.

Jirani yake, Amne, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua majani ya mlenda. Aliuona ule mkoba, akanong'ona, "Ushuru huo. Ficha jogoo!"

Emiliana alimfunika jogoo kwa kanga. Jogoo akawika humo humo.

"Karibu," Emiliana alisema, kana kwamba hakuna kilichowika.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba."

"Naitwa Febronia. Ni afisa maendeleo ya jamii, natoka halmashauri. Nimekuja kwa mkutano wa kijiji, lakini ofisi nimeikuta imefungwa. Mwenyekiti ameniambia nimsubiri hapa kwa shemeji yake."

Amne alishusha pumzi. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Melkiori. Alikuwa kaka wa marehemu mume wa Emiliana. Kila mgeni wa kijiji alimleta hapa, kwa sababu hapa kuku hawakukosekana. Na mgeni aliyetoka mbali hapewi mlenda peke yake. Emiliana alimtoa jogoo kwenye kanga. Alikuwa amemficha kwa kuogopa ushuru, sasa akamchinja kwa ukarimu.

Halikuwa jambo jepesi. Tangu mume wake afariki, Emiliana aliishi kwa kuku. Alinunua wawili nyumba hii, watatu nyumba ile. Aliwauza gulioni na barabarani, kwa wasafiri na wachuuzi wanaokwenda Dodoma. Kuku hao ndio waliomweka shuleni binti yake, Pendo. Kila kuku aliyechinjwa alikuwa ameondoka kwenye biashara.

Alasiri watu walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Febronia alisimama, akasalimia, akafungua karatasi zake.

"Kuna muswada umesomwa bungeni," alisema. "Unahusu kusafirisha na kuuza kuku. Nitasoma mambo makubwa. Kwanza, itakuwa marufuku kufunga kuku miguu na kuwaning'iniza kichwa chini. Pili, kuku watabebwa kwenye vizimba vya plastiki tu. Tatu, anayepeleka kuku sokoni, hata mmoja, lazima awe na kibali cha afisa mifugo wa wilaya. Baraza letu la Madiwani linataka kupeleka msimamo wake kwa kamati ya Bunge. Kabla ya hapo linataka kuwasikia ninyi. Mnasemaje?"

Mtu mmoja alikohoa. Melkiori alisimama akatengeneza kofia.

"Mgeni wetu, sisi hapa hatuna neno. Serikali imesema, sisi tumepokea. Ndugu zangu, tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa. Emiliana naye alipiga. Kizimba cha plastiki angekipata wapi? Kibali cha kuku mmoja, aende wilayani?

Febronia aliwatazama watu kwa muda, kisha akaandika.

Saa ya chakula, Febronia aliketi sebuleni. Emiliana na Amne walikuwa jikoni, wakipakua ugali wa uwele. Waliongea Kinyaturu ili mgeni asiwaelewe.

"Biashara yangu imekwisha," Emiliana alisema. "Pendo atarudi nyumbani. Kisha tumepiga makofi!"

"Na jogoo tumempikia," Amne alisema. "Aliyekuja kutunyonga tunamwongezea mchuzi."

"Mchuzi unatosha, mama," sauti ya sebuleni ilijibu. Ilijibu kwa Kinyaturu safi.

Mwiko ulimponyoka Emiliana.

Febronia alikuja akasimama mlangoni pa jiko. "Bibi yangu ni Mnyaturu wa Sepuka," alisema. "Yeye ndiye aliyenilea."

Amne alicheka mpaka akakaa chini. "Leo tumepatikana!"

Emiliana hakucheka. Aliona aibu. "Utusamehe, mwanangu."

"Mimi ndiye naomba msamaha, mama. Nimeandika kwamba kijiji chote kimeunga mkono muswada. Kwa nini hukusema pale?"

"Nisemeje? Wewe ni mgeni. Umekaa kwangu, nimekuchinjia. Halafu nisimame mbele ya watu nikupinge? Ni utovu wa adabu. Na sheria ikishatoka imetoka."

"Haijatoka," Febronia alisema. Aliketi kwenye kigoda cha Amne, karibu na moshi. "Huu ni muswada. Yaani ni sheria inayopendekezwa. Umesomwa bungeni mara ya kwanza, ukapelekwa kwenye kamati. Kamati inapokea maoni. Inaweza kushauri kipengele kiondolewe au kibadilishwe. Bunge likishaupitisha na Rais akishausaini, hapo ndipo unakuwa sheria. Sasa hivi mlango bado uko wazi."

"Na hao madiwani, wanaweza kuukataa?" Amne aliuliza.

"Hapana. Baraza halitungi sheria za nchi. Lakini lina sauti. Linaweza kuiandikia kamati likasema: tunaunga mkono, au tunapinga, au tunaunga mkono iwapo mambo fulani yatarekebishwa. Sauti hiyo ni nzito kuliko ya mtu mmoja, maana inasema kwa niaba ya wilaya. Ila Baraza litasema nini kuhusu Issuna, kama Issuna imepiga makofi?"

Emiliana alitazama moto. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeukubali."

"Adabu yako imeandikwa kama kura, mama."

Walipomaliza kula, wote watatu walikwenda kwa Melkiori. Febronia alimwomba mkutano uendelee kesho asubuhi, kabla ya gulio. Melkiori alikataa.

"Tumeshakubali. Tutaonekana vigeugeu."

"Shemeji," Emiliana alisema, "kuku wako huwa wanauzwa na nani?"

Melkiori alitengeneza kofia yake. "Na wewe."

"Na kibali cha kuku wako mmoja utakifuata wewe wilayani, au mimi?"

"Saa mbili asubuhi," Melkiori alisema. "Watu wasichelewe."

Asubuhi ile watu walikuwa wengi kuliko jana. Febronia alieleza tofauti ya muswada na sheria. Kisha akasema, "Kusema hapana si kunitukana mimi. Nimetumwa kusikiliza."

Emiliana alisimama wa kwanza.

"Mimi napinga," alisema. "Napinga yote."

Watu walishangilia. Febronia alisubiri wanyamaze, kisha akauliza, "Yote, mama? Hata hilo la kufunga miguu?"

"Hata hilo."

"Aa, shoga, hapo hapana," Amne alidakia. "Si wewe uliyemuuzia yule mchuuzi wa Dodoma kuku wa kuning'iniza? Mbona alirudi akakugombeza? Nusu walifika wamekufa ganzi, wawili wamekufa kabisa!"

Watu walicheka. Emiliana aliwakumbuka wale kuku aliowaacha uani, wamelala ubavu tangu jana. Hakuwahi kuwafikiria mpaka alipoulizwa.

"Baraza nalo litauliza hivyo hivyo," Febronia alisema. "Ukikataa hata lililo jema, watasema huyu hataki tu. Ukionyesha lipi ni jema na lipi linaumiza, na kwa nini, watakusikiliza."

Emiliana alifikiri. Kisha akaongea polepole.

"Basi andika hivi. La miguu ni kweli, tunawatesa. Hilo lipite. Lakini tenga letu la fito lina hewa ya kutosha, kuku anakaa vizuri. Waruhusu matenga, si plastiki tu. Na anayeuza kuku wachache kijijini kwake, kibali kitolewe na kijiji. Nikienda wilayani kwa ajili ya kuku mmoja, nauli itammaliza kuku mwenyewe."

"Na kwa kuwa nimesema la miguu ni kweli," aliendelea, "sisubiri Bunge. Kuanzia leo sifungi kuku miguu. Mkiniona, niiteni mwongo."

"Tutakuita kwa sauti kubwa," Amne alisema.

Maneno hayo yaliandikwa kwenye muhtasari, yakasomwa tena mbele ya watu, na Melkiori akasaini. Emiliana alirudi nyumbani akawafungua kuku wake. Walichechemea muda mrefu kabla ya kutembea sawasawa.

Muhtasari ulifika kwenye kata, kisha kwenye kamati ya halmashauri. Kamati ilimwita Emiliana aeleze. Alikwenda na tenga tupu, akaonyesha hewa inapopita. Baadaye alihudhuria kikao cha Baraza la Madiwani. Wananchi hawakuruhusiwa kuongea pale, walikaa nyuma wakasikiliza.

Diwani mmoja alitaka muswada ukataliwe wote. Mwingine alitaka uungwe mkono wote, kwani kuku wanaokufa njiani wanaharibu jina la wilaya. Walibishana. Diwani wa kata yao akasimama, akasoma maneno ya Issuna neno kwa neno. Emiliana aliyasikia maneno yake yakisomwa na mtu mwingine ndani ya ukumbi mkubwa. Aliinamisha kichwa.

Baraza likapitisha azimio: linaunga mkono muswada, iwapo matenga yataruhusiwa na kibali cha kuku wachache kitatolewa kijijini. Mkurugenzi wa halmashauri aliagizwa kuiandikia kamati ya Bunge. Mbunge wa jimbo, ambaye naye ni mjumbe wa Baraza, alipewa nakala.

Febronia aliileta habari hiyo kijijini. Barua imepokelewa, alisema, lakini kamati haijamaliza kazi. Inaweza kukubali yote, au moja, au isikubali. Watu hawakupiga makofi haraka. Walimuuliza maswali mpaka jua likapinda. Tangu hapo, tangazo lolote likija Issuna, kabla ya makofi huwa kuna mtu anayeuliza, "Hiyo ni sheria, au ni muswada?"

Siku moja ya gulio biashara ilikuwa mbaya. Mpaka mchana Emiliana hakuwa ameuza hata kuku mmoja, na Pendo alikuwa karibu kurudi shule, mahitaji yake hayajanunuliwa. Ndipo alipofika mchuuzi mwenye pikipiki. Alichungulia ndani ya tenga.

"Nawachukua wote, mama. Nifungie miguu, niwaning'inize kwenye usukani."

"Chukua na tenga, utalirudisha."

"Tenga nitaliweka wapi? Nyuma nina magunia. Funga tu, mama, nina haraka."

"Sifungi."

"Kuna sheria gani?"

"Bado haijapita."

"Sasa unaogopa nini?"

Emiliana alitazama huku na huku. Amne alikuwa upande wa pili wa gulio, kwenye vitunguu vyake, amewapa mgongo. Hakuna mtu wa Issuna aliyekuwa karibu. Kamba ya katani ilikuwa kwenye nguzo ya kibanda, mkono ungeifikia.

"Nilisema mbele ya watu," Emiliana alijibu.

Mchuuzi alitikisa kichwa, akawasha pikipiki, akaenda kununua kwa mwingine.

Jioni Emiliana alijitwisha tenga. Lilikuwa zito kama lilivyokuwa asubuhi. Amne alimfuata mbio na kikapu chake.

"Shoga! Mchuuzi mmoja mwenye pikipiki ameniambia umekataa kumuuzia kuku wote. Ni kweli?"

"Kweli."

Amne alinyoosha mkono, akashika upande mmoja wa tenga. Walilishusha, wakalibeba wawili mpaka nyumbani. Njia nzima kuku walikuwa wametoa vichwa kwenye fito, wakitazama barabara.