Samaki wa Vénant

Nabintu alikuwa fundi cherehani mjini Mbarara. Alipanga chumba kwa Mama Kyomuhendo. Maharagwe yalipokomaa, alirudi Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kuvuna pamoja na watoto wake. Chumba akampangisha Vénant, kinyozi Mrundi, kwa miezi miwili.

"Mwenye nyumba anajua?" Vénant aliuliza.

"Nyumba ikikosa moshi, mwizi anaingia. Wewe ingia, ndugu yangu, pika!"

Vénant akapika. Mwizi hakuja. Akaja Mama Kyomuhendo.

Huko Nakivale ikatangazwa: kesho asubuhi familia zitahesabiwa. Asiye na karatasi ya familia hataandikwa kwenye mgao wa chakula. Nabintu akapekua begi. Maharagwe yalikuwemo. Karatasi ilikuwa Mbarara, chini ya godoro!

Akapiga simu. "Vénant, niletee karatasi, mbio!"

"Dada, miye niko inje. Mama ametia kofuli. Anasema hanijui."

Nabintu alikimbia hadi kituo cha Rwekubo, akapanda gari la Mbarara. Saa kumi jioni alifika. Mama Kyomuhendo alikuwa amekaa mlangoni, ufunguo mkononi.

"Nisamehe, mama. Fungua nichukue karatasi. Wasipotuandika, watoto wangu watakula nini?"

"Mimi nilipatia wewe nyumba. Nakuta mwanaume anakaanga samaki! Akichoma nyumba, nauliza nani?"

"Samaki walikuwa wadogo, mama," alisema Vénant.

"Wewe nyamaza!"

Gari la mwisho la kurudi lilikuwa linaondoka saa kumi na moja. Nabintu akamkimbilia Miriamu, katibu wa mtaa. Miriamu akaja, akasoma mkataba wa chumba.

"Nabintu, dole gumba hili ni lako?"

"Ni langu."

"Umekubali usipangishe mtu mwingine bila ruhusa ya maandishi. Ukivunja, unaweza kupoteza chumba. Na mgeni wako akiharibu kitu, utaulizwa wewe."

"Sijui kusoma, dada."

"Ungeuliza. Kuuliza hakuna kodi. Na wewe, Mama Kyomuhendo, kofuli si dawa. Vitu vya mpangaji viko ndani. Ungeniita."

Mama Kyomuhendo alimkazia Vénant macho. "Wewe, nani anakujua?"

"Mzee wako. Ninamnyoa."

"Kumbe ni wewe unamharibu hivyo!"

Lakini alifungua. Miriamu akaandika: jina la Vénant, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Wote watatu wakatia alama. Nabintu akachomoa karatasi na kukimbilia gari. Dereva alikuwa ameshawasha.

Asubuhi, Nakivale, jina lake liliitwa. Kisha watoto, mmoja mmoja, wote wanne.

Mavuno yaliyofuata, Nabintu aliomba ruhusa kwanza.

"Yule wa samaki?" alisema Mama Kyomuhendo. "Miriamu aandike, aje. Lakini safari hii, na mimi naonja."