Gramafoni Kitale, Santuri Bungoma

Mnada wa vyombo vya mzungu mmoja marehemu ulijaza uwanja mjini Kitale mwaka huo wa 2005, watu wakigombania viti na sufuria utadhani kwao hawana. Waithera, mwenye kibanda cha kunakili kaseti karibu na soko, alikuwa amependeza kwa sketi ya bluu na shati jeupe. Alikwisha kunyakua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Alipogeuka kutafuta santuri zake, akamkuta kijana mrefu wa koti la kahawia amelikumbatia sanduku lenye santuri hizo.

"Hizo ni za hii gramafoni yangu," alisema.

"Wameuza kila kitu kivyake, madam. Wewe umenunua mashine, mimi nimenunua muziki."

"Na utazipigia wapi, bana? Kwa sufuria?"

Kijana alicheka tu. Aliitwa Kipkosgei, mwalimu wa muziki katika shule moja mjini Bungoma. Sandukuni mlikuwa na santuri za piano na fidla za Wafaransa wa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wakapatana: yeye alete santuri, Waithera amnakilie kwenye kaseti.

Ikawa kila Jumamosi anakuja na santuri moja kwapani. Waithera huweka kipaza sauti mbele ya gramafoni, wakakaa bega kwa bega kimya. Waithera mwenyewe alikuwa mtu wa rumba. Muziki ule mwanzoni aliuona kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Kufikia Jumamosi ya tano alikuwa akiuimba huku anafua.

"Sasa, Mwalimu! Leo umeniletea huzuni gani?"

"Leo ni mvua. Sikiza, mrembo. Hayo ni matone."

"Mimi naskia mikwaruzo tu."

"Si usogee karibu basi."

Akasogea. Alikuwa anampenda, tena sana, na mwenyewe alijua.

Mikwaruzo hiyo ndiyo iliyomponza. Siku moja Kipkosgei alimwachia santuri aliyoipenda kuliko zote, ya piano peke yake. Waithera akataka kumfurahisha kwa kuiondolea mikwaruzo. Redio zake za kunakilia alizisafisha kila asubuhi kwa pamba na spiriti, kama wafanyavyo wote wa kazi hiyo, basi na santuri akaipangusa vivyo hivyo. Pamba ikatoka nyeusi. Akafurahi kuona uchafu unatoka, akazidisha spiriti, mpaka akatambua kwamba anachofuta ni santuri yenyewe. Mistari ilikuwa imeyeyuka, maana santuri za kale zilitengenezwa kwa lakiri, nayo huyeyuka kwa spiriti. Alipoiweka kwenye gramafoni, sindano iliteleza tu.

Alilia mpaka macho yakavimba. Kipkosgei alipopiga simu, hakupokea. Jumamosi akafunga kibanda, na iliyofuata pia. Ndipo ukaingia ujumbe: "Kama umepata mtu mwingine niambie tu. Sitakusumbua."

Moyo ukampasuka. Asubuhi iliyofuata aliifunga santuri kwa leso, akaenda Bungoma. Alimkuta nje ya darasa, mikono imejaa chaki.

"Hakuna mtu mwingine," alisema hata kabla ya salamu. "Ni hii. Niliipangusa na spiriti. Imeisha."

Kipkosgei alipitisha kidole juu ya santuri.

"Hii sitapata ingine," alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Imeniuma, sikudanganyi. Lakini hizi wiki mbili sikuwa nalilia piano, Waithera. Nilikuwa napiga simu inalia tu, nashindwa kula."

"Niliogopa. Nilidhani wewe huja kwa sababu ya muziki, na sasa nimeuharibu."

"Ati muziki?" Kipkosgei alikuna kichwa. "Shule iko na gramafoni hapo stoo. Nzima kabisa."

Waithera alimkazia macho. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mnada."

"Mwalimu! Na safari zote hizo za Kitale?"

"Sasa ningekuonaje?"

Alimpiga begani kwa leso, akicheka na kulia kwa pamoja. Wanafunzi walikuwa wamejazana dirishani, wala hakujali.

"Santuri zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne. Nilipanga zikiisha nije na wazee kwenu Saboti, nikuombe vizuri."

Waithera alihesabu Jumamosi kumi na nne, akatikisa kichwa.

"Leta zote wiki hii," alisema.