Zege la Safari Limeibwa

Sanduku lilikuwa wazi juu ya meza ya maabara, na ndani hamna kitu. Hata kitambaa kibichi cha kufungia zege hakipo!

"Afande, ndege ni jioni hii!" mhandisi wa kike alikuwa karibu kulia. "Bila kipande changu mfuko wa utafiti unafuta safari yangu. Nauli anapewa mtafiti wa akiba."

Inspekta, mama mfupi asiyependa kelele, akavuta kiti. "Pumua kwanza, mwanangu. Kimeibwa nini hasa?"

"Kipande cha zege, ukubwa wa mkate. Huko mkutanoni watakivunja mbele za watu, wapime nguvu yake. Mwaka mzima nimekihangaikia!"

"Kikikauka je?"

"Kinapata nyufa. Ndiyo maana nakifunga kitambaa kibichi."

"Na mwizi kabeba na kitambaa. Basi huyu hataki kiharibike. Wa akiba ni nani?"

Mhandisi akainamisha kichwa. "Kaka Nondo, chumba cha pili. Lakini hapana, afande! Yule ni kama ndugu yangu kabisa."

Nondo, mtafiti mrefu mwembamba kama jina lake la utani, alichangamka kupita kiasi. "Karibu mama, karibu sana! Pole na kazi!"

Inspekta akatupa jicho chini ya meza. Ndoo imejaa maji, dekio limelazwa juu. Akaligusa. Kavu! Na sakafu vumbi tupu.

"Unadeki, baba?"

"Eeh... ndiyo nataka kuanza."

"Ingiza mkono kwenye ndoo."

"Mama..."

"Mkono!"

Kikatoka kipande cha zege, kinachuruzika maji, kimefungwa kitambaa chake vizuri kama mtoto mchanga.

"Ni mimi, afande." Nondo akakiweka mezani taratibu. "Kila mwaka naomba nauli, nakosa. Safari hii nikawekwa akiba, nikakimbilia kumwambia mama mzazi kwamba naenda. Ameshautangazia mtaa mzima! Nikaona dada akikwama, nitaenda mimi."

"Mbona hukukitupa?"

"Nikiache kife? Jasho lote lile? Nisingeweza!"

Mhandisi aliingia mbio, akakikumbatia kipande mpaka nguo ikalowa. "Asante, afande! Asante, mama yangu!" Kisha akamgeukia Nondo, macho yanawaka. "Kaka, unajua mwisho wa mada yangu kuna ukurasa wa shukrani? Nimeanza na mfuko wa utafiti, kwa nauli. Anayefuata ni wewe, ulivyonichanganyia zege na koleo siku sina msaidizi."

"Nifute," Nondo alinong'ona.

"Sifuti. Shukrani ile ni ya kweli. Na leo ungeweza kuniharibia kabisa, hukufanya."

Inspekta akakohoa. "Mlalamikaji, unafungua kesi?"

"Hapana, afande. Ila atanibebea kipande mpaka kwenye teksi."

Akamkabidhi. Nondo alikipokea kwa mikono miwili, akashuka ngazi akilia waziwazi, "asante dada, asante dada," mpaka inspekta akamfokea atazame anapokanyaga, asije akavunja zege la mwenzie.