Mwenye Anaitaka, Aikamate

Jioni ile mke wangu Falonne alinituma kununua betri za tochi. Umeme ulikuwa umekatika tena katika mtaa wetu wote wa Dilala. Nilivutana bei na mama wa duka mpaka akaniuliza kama nanunua betri au naposa binti yake. Nilicheka, sikuona haya. Mwaka ule mimi naye tulikuwa tumefunga mkanda mpaka tundu la mwisho.

Sababu ilikuwa Luanda.

Dada yake Falonne alikuwa amemtafutia kazi ya uuguzi kule, kwenye kliniki moja ndogo. Lakini Luanda si mji wa kuingia na mfuko mtupu. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mkononi kabla hajakuonyesha ufunguo. Ongeza safari, shule ya binti yetu Abigaëlle, chakula cha miezi ya kwanza. Tuliacha nyama, tukaacha bia, tukaacha hata sukari, na Abi akawa anainusa chai yake kwa huzuni kabla ya kuinywa. Bado haikutosha. Taxi-moto yangu, pikipiki ya kubeba abiria, ilikuwa inalisha tumbo tu. Ndipo nikafanya walichofanya wengi wa mtaa wetu: nikasogeza kitanda, nikavunja simenti ya chumba cha kulala, nikaanza kuchimba.

Chini ya nyumba zetu kuna jiwe jeusi lenye kobalti. Ukiangukia mshipa wake mzuri, wanunuzi wa madini wa depo watakununulia siku hiyohiyo, na shida zako zimekwisha.

Aliyenishikia kamba ni jirani yetu Tshilombo, mchimbaji wa zamani wa mgodi wa Mashamba, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Siku ya kwanza alinipa sheria moja tu.

— Gracien, juu ya kinywa ya shimo usitoe kitu. Hata kwa kuchekesha. Usiseme "kamata", usiseme "nakupatia". Mule chini kuko benye banasikilizaka.

Niliitikia kwa adabu, kisha nikamcheka moyoni.

Shimo lilikula miezi na kutema udongo mwekundu tu. Kila jioni, Abi akiwa nje anacheza, mimi na Falonne tulikaa pembeni yake, miguu inaning'inia, tukipiga hesabu kwa sauti. Kodi. Safari. Shule. Watu watatu.

Na kila tulipoanza hesabu, udongo ulidondoka huko chini. Kidogo tu. Tss... tss... Kama mtu anayejisogeza ili asikie vizuri.

Nilisema ni panya.

Lakini panya hakohoi. Mimi nina kikohozi cha vumbi, kifupi, kikavu, mara mbilimbili. Siku moja nilikisikia kikitoka chini, na kinywa changu kilikuwa kimefungwa.

Basi, jioni ile ya betri tuliketi palepale. Falonne alikuwa amepigiwa simu na dada yake.

— Papa Abi, banasema mwisho ni mwezi hii. Tukikawia, banakamata mwingine.

— Franga ya batu batatu haiko.

— Ya babili iko.

Hakunitazama aliposema hivyo. Nilielewa, na sitaficha, niliumia vibaya sana. Mwaka mzima nalala juu ya shimo, nakula vumbi, halafu hesabu inaniacha mimi. Hasira ikanipanda kichwani.

— Bon! Nafasi yangu naitoa. Mwenye anaitaka, aikamate!

Udongo ukaacha kudondoka.



Halafu harufu ikapanda. Kutu. Udongo wenye maji. Na katikati yake, sabuni yangu ya kuogea.

— Aksanti.

Sauti ilitoka chini. Ilikuwa sauti yangu.

Falonne aligeuka, akaniuliza kwa upole:

— Aksanti ya nini tena, Papa Abi?

Nilitaka kumwambia si mimi niliyesema. Badala yake nikamulika tochi shimoni; palikuwa na udongo mtupu.

Asubuhi Tshilombo alinishusha kwa kamba. Nilipowasha tochi nilikuta ukuta mzima mweusi, unang'aa, pale ambapo jana palikuwa na udongo mtupu. Na kando yake, ndani ya ukuta, palikuwa na kiti kilichochongwa. Kilikuwa kimelainika kwa kukaliwa sana. Si mimi niliyekichonga, na Tshilombo hakuwahi kushuka humo.

Nilifunga mfuko wa kwanza kwenye kamba. Tshilombo aliupokea, akaufungua. Kisha akainama juu ya shimo.

— Ulitoa nini?

— Hapana kitu.

— Gracien. Ulitoa nini?

— Nakuambia hapana kitu!

Alinivuta juu, akajipangusa mikono, akaenda zake. Hata fungu lake hakuchukua. Nilimwita mjinga; Falonne akanishikia kamba, tukatoa mifuko mingine. Pesa za depo zilitutosha wote watatu na nyingine zikabaki. Falonne alinikumbatia huku analia, akasema sasa hakuna wa kuachwa. Tulifunika shimo kwa mbao, tukauza nyumba, nami nikajidanganya kwamba aliyenishukuru alikuwa ametuonea huruma.

Siku ya safari tulifika mapema kwenye kituo cha mabasi yanayopita Kasaji hadi Dilolo, mpakani. Mizigo ilikuwa imepakiwa. Falonne akanituma mkate na maji ya njiani.

Niliporudi, basi halikuwepo.

Nilimkimbilia mama mmoja muuza ndizi.

— Mama, basi ya Dilolo iko wapi?

Alikunja macho kama mtu anayenitazama kupitia moshi.

— Si ulipanda, papa? Nilikuona na macho yangu. Ulibeba mutoto.

Nilipiga simu. 

— Allô?

— Mama Abi! Basimamishe basi! Mi niko huku ku kituo!

Nilisikia injini. Nilisikia abiria wakicheka. Halafu Falonne, akinong'ona, si kwangu:

— Papa Abi, kuko mutu anaita na numero yako. Sauti iko kabisa kama yako.

Kikohozi. Kifupi, kikavu. Mara mbili.

— Ni mwizi. Aliniibia telefone. Kata.

Kabla haijakatika nilimsikia Abi, karibu kabisa, sauti imejaa usingizi:

— Papa, mikono yako iko baridi...

Nilipiga tena na tena mpaka simu ikazima. Nilisimamisha pikipiki niwafuate. Wenzangu wa taxi-moto, watu niliokula nao sahani moja, walinipita bila kugeuza shingo. Nilimwita Tshilombo mbele ya mlango wake. Alitazama pande zote, akafanya ishara ya msalaba, akafunga. Mimi nilidhani nimetoa kiti cha safari tu.

Jioni nilirudi nyumbani. Sikumbuki kusukuma mlango, wala sijui nilipitaje chini ya zile mbao. Kile kiti cha ukutani kinanitosha sawasawa.

Namkumbuka Abi mpaka kifua kinawaka. Najiuliza kama anakula vizuri. Najiuliza kama yule anamfunika blanketi, na akishamfunika, anasimama pale akimtazama kwa muda gani.

Walionunua nyumba ni mume na mke, vijana bado. Wanataka kuhamia Johannesburg. Wameshaondoa mbao. Jana jioni walikaa pembeni, miguu yao ikaning'inia juu ya kichwa changu, wakaanza kupiga hesabu kwa sauti. Pesa haziwatoshi. Mume ana hasira za karibu, nimemsikia.

Nikajisogeza kidogo ili nisikie vizuri. Udongo ukadondoka.

— Ni panya, akasema mume.

Nami nikarudia polepole, nikiijaribu sauti yake: ni panya.